Mzee Yaliyoripotiwa

Kila mwaka, msimu wa ripoti ukifika, Mkurugenzi hupanda ngazi hadi chumba chetu cha takwimu, kwa kuwa lifti ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Husimama mlangoni akihema, kisha huniuliza swali lile lile: "Mzee, zimepanda au zimeshuka?"

Hata salamu hanipi. Nami nimelichoka swali hilo kuliko nilivyozichoka ngazi. Humjibu kwamba zimeshuka kidogo hapa, zimepanda kidogo pale, na kwamba kabla ya kushangilia au kulia tuulizane kwanza ni nani aliyekwenda kituo cha polisi na ni nani aliyebaki nyumbani. Hunisikiliza mpaka mwisho kwa uvumilivu, kisha husema: "Sawa. Lakini kwa ujumla?"

Kazi yangu ni kuzisoma takwimu za uhalifu za nchi nzima na kueleza zinasema nini. Watu hudhani nahesabu. Kuhesabu siku hizi kunafanywa na mashine. Mimi nalipwa nieleze kwa nini, na huo ni mshahara wa bure, maana maelezo yangu hayasomwi. Mwizi akiiba kuku na mwenye kuku akaamua kunyamaza, kwetu sisi hakuna wizi, hakuna mwizi, na kuku mwenyewe hakuwahi kutaga. Ndiyo maana, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, sikubali kuandika "makosa" peke yake. Naandika "makosa yaliyoripotiwa". Kila mstari, kila jedwali, kila tanbihi. Vijana wa ofisini wamenibatiza Mzee Yaliyoripotiwa. Siku binti wa mapokezi alipojifungua, mmoja wao alinijia kwa adabu zote akaniambia kwamba amepata mtoto wa kike, aliyeripotiwa. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Ni miongoni mwa mara chache nilizocheka katika jengo lile.

Mwaka ninaousimulia, jedwali la wanawake waliopigwa majumbani lilikuwa limetulia karibu nchi nzima, isipokuwa mstari mmoja. Kituo kimoja kilikuwa kimeruka juu kiasi kwamba mashine ilikipaka rangi nyekundu yenyewe. Sikuhitaji kusoma jina. Kilikuwa kituo cha mpwa wangu.

Mpwa wangu huyo ni mtoto wa dada yangu mkubwa, na ni sajenti wa polisi. Kituoni kwake palikuwa na stoo ya matairi mabovu. Akaiomba. Akaambiwa hakuna bajeti, naye akajibu kwamba haombi bajeti, anaomba ufunguo. Akayatoa matairi mwenyewe, akapaka chokaa, akaweka meza, viti viwili na pazia, akabandika mlangoni kibao cha kusema hapa ni dawati la wanawake na watoto. Nilikwenda kuliona. Chumba kilikuwa bado kinanuka mpira, ila kilikuwa na kitu kimoja ambacho kaunta ya kituo haina, yaani mlango unaofungika. Kwenye kaunta, mwanamke anaeleza alivyopigwa huku aliyeibiwa simu na mlevi wa jana wanamsikiliza, na askari anamwambia aongeze sauti. Chumbani mle alieleza kwa mtu mmoja, aliyekaa, asiyemkatiza. Habari zikaenea kwa mdomo, kama habari zote za maana. Wakaanza kuja.

Moyo huo wa kusikiliza mpwa wangu aliutoa nyumbani kwa mama yake. Mama yake aliwahi kwenda kituoni mara moja, zamani, jicho likiwa limevimba hadi limefumba. Askari wa kaunta akamwambia, "Mama, rudi nyumbani, mkayamalize." Akarudi. Hakwenda tena, wala hakulitaja tena jambo hilo, si kwangu, si kwa mtu yeyote. Shemeji sasa ni marehemu, na katika ukoo wetu, tukimkumbuka, tunasema alikuwa mkali kidogo. Mpwa wangu siku ile alikuwa mtoto, ameshika gauni la mama yake, macho yake sawa na ukingo wa kaunta. Alipokua akasema anataka kuwa askari. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Jumapili moja, kabla sijamaliza ripoti, alikuja nyumbani kwangu amevaa nguo za kiraia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Sajenti. Mbona uso umekunjamana hivyo? Nani kakuudhi?"

"Namba zako."

Akakaa. Akanieleza kwamba wakubwa wa mkoa wamemwita mkuu wake wa kituo na kumuuliza kulikoni, mbona eneo lake linaongoza nchi nzima kwa wanawake kupigwa. Mkuu akaahidi kuchukua hatua. Na hatua yenyewe aliyoiona ni kufunga dawati.

"Anasema dawati linaleta kesi," alisema mpwa wangu.

"Linaleta, au linapokea?"

"Mjomba, unaniuliza mimi tena? Si nimemwambia! Kanijibu kwamba kabla ya dawati mambo haya hayakuwepo. Ati tulikuwa tunaishi vizuri tu."

"Alikuwa anaishi vizuri yeye."

Hakucheka. Aliizungusha glasi ya maji mezani bila kunywa. "Kuna mama mmoja anatoka mbali. Anapita vituo viwili njiani, vyote viko wazi, anakuja kwangu. Nikifungiwa, huyo ataenda wapi? Ripoti unaiandika wewe. Wakubwa wakiona umeeleza kwa nini tumepanda, pengine watatuacha. Sikuombi upendeleo, Mjomba. Andika ukweli tu."

Nikamwambia nitaandika. Alipoondoka nilibaki pale nimejiinamia. Kuandika ukweli ni rahisi, shida ni ukweli unaohusu damu yako. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndivyo watakavyosema, na hata mimi ningesema hivyo kwa mwingine. Nilihitaji shahidi ambaye si polisi wala si ndugu.

Nikaenda kwa watu wa hospitali. Wao huandika kila anayeletwa na kilichomleta, na hawana sababu ya kujipendekeza kwa mtu, maana hakuna anayewapa kombe kwa kuwa na wagonjwa wachache, kama vituo vya polisi vinavyopewa kwa kesi chache. Mkono uliovunjika hauulizi kama kituoni kuna dawati. Nikachukua takwimu zao za wanawake walioletwa na majeraha ya kipigo, nikazilaza kando ya zetu. Katika eneo la kituo cha mpwa wangu, kwetu mstari ulikuwa unapanda. Hospitalini, tangu dawati lifunguliwe, ulikuwa unashuka. Walioripoti waliongezeka, walioumizwa wakazidi kupungua, kwa sababu mwanamume anayejua mkewe ana pa kwenda huufikiria mkono wake kabla ya kuuinua.

Kisha nikatazama wilaya inayopakana nayo, kwenye kituo ninachokiita Kituo cha Kimya. Kwenye jedwali letu kilikuwa cheupe, karibu hakina kitu. Mkuu wake alikuwa ameshatajwa kupewa kombe la kituo bora. Hospitali ya kwao ilikuwa inapokea majeruhi wengi mno, na kila mwaka wengi zaidi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema waliotutangulia, ila hawakutuambia kwamba kimya hicho kitapewa kombe.

Niliirudia hesabu mara kadhaa, si kwa kutoiamini mashine, bali kwa kutojiamini mimi, maana niliutaka mno mwisho ule. Ulisimama pale pale. Nilifurahi, nasema kweli. Furaha ya kazini nilikuwa nimeisahau ladha yake. Nikaandika aya moja, nzito, safi, nikaiweka ukurasa wa kwanza.

Mkurugenzi akaisoma akiwa amesimama. Si mtu mbaya. Naye amechoka, anahesabu miezi ya kustaafu, na ana waziri juu yake kama mimi nilivyo na yeye juu yangu.

"Mzee, hii nzuri sana," alisema. "Lakini ndefu."

"Ni aya moja."

"Waziri anasoma mstari mmoja. Mwandishi wa habari anasoma nusu yake. Na hili neno lako nalo, kila mahali yaliyoripotiwa, yaliyoripotiwa. Mwananchi akilisikia anadhani kuna kitu tunamficha."

"Kipo tunachomficha."

Akacheka, akavuta kiti. "Nikuachie neno lako mara moja, pale juu mwanzoni, kwingine kote tulitoe. Na hii ya hospitali tuipeleke nyuma, kwenye kiambatisho."

Kiambatisho ndicho makaburi yetu. Kila nilichowahi kukiandika kwa moyo wangu kimezikwa humo, kwa heshima zote. Nikamwambia safari hii haiwezekani, kwamba kuna dawati litafungwa kwa ajili ya mstari ule mwekundu, na wanawake watakosa pa kwenda.

"Nani kakwambia litafungwa?"

Hapo ningeweza kusema nimesikia. Nilikuwa nimezichoka habari za kusikia-sikia. "Mpwa wangu ndiye anayeliendesha."

Mkurugenzi akaishusha ile karatasi taratibu. "Aa. Kumbe."

"Hesabu ni zile zile. Mpe mtu yeyote azirudie."

"Nakuamini, Mzee. Mimi nakuamini. Lakini sasa ndiyo umeniharibia kabisa. Wakijua ni mpwa wako watasema umempikia takwimu, na hapo ripoti nzima itatiwa doa, si aya moja." Akasimama, akanigusa bega. "Nyuma, kwenye kiambatisho. Ndiyo njia ya kuiponya."

Ikaenda nyuma. Ripoti ikasomwa, magazeti yakaandika kwamba eneo lile ni aibu ya taifa, na Kituo cha Kimya kikapewa kombe lake. Juma lililofuata dawati likafungwa. Mpwa wangu akahamishiwa stoo ya vielelezo, kuhesabu baiskeli za wizi na mapanga yenye kutu. Akanipigia simu jioni.

"Sasa sote wawili tunahesabu, Mjomba," alisema.

"Na chumba?"

"Wamerudisha matairi."

Mtu akikuomba ukweli tu na ukashindwa kumfikishia, unamwambia nini? Nikamuuliza hali ya mama yake. Akasema hajambo.

Mwaka ukazunguka. Mkurugenzi akapanda ngazi, akahema, akauliza zimepanda au zimeshuka, nami kwa mara ya kwanza nikamjibu kwa neno moja, kwamba zimeshuka. Kituo cha mpwa wangu kilikuwa kimeporomoka kutoka kileleni hadi chini kabisa, kimekaa bega kwa bega na Kituo cha Kimya kama pacha wake. Mashine ilikuwa imekiondolea wekundu. Nilipokwenda kwa watu wa hospitali, nesi aliyenipa takwimu hakungoja nizisome. "Wamerudi, Mzee," aliniambia. "Tena hali zao mbaya kuliko zamani. Sasa wanangoja mpaka hawawezi kutembea."

Usiniulize nilivyojisikia. Nilirudi ofisini na hasira ambayo sikudhani bado ninayo. Nikajisemea, wanataka ufupi, basi nitawapa ufupi ambao hata mtoto wa darasa la kwanza hataupotosha. Nikaandika sentensi mbili. Ya kwanza: makosa yaliyoripotiwa katika kituo hiki yamepungua kwa sababu dawati lililokuwa likiyapokea limefungwa. Ya pili: wanawake wanaopigwa hawakupungua, bali hospitali inaonyesha wameongezeka. Basi. Hakuna asilimia, hakuna tanbihi.

Mkurugenzi akazisoma, uso ukamchanua. "Sasa hii ndiyo lugha! Kumbe unaweza." Akaondoka nazo. Nilishangaa kidogo. Lakini mtu akichoka sana huziamini habari njema bila kuzichunguza, na siku ile nilizembea kazi yangu mwenyewe, ambayo ni kuuliza kwa nini.

Ripoti ilizinduliwa ukumbini, pamoja na hotuba na maji ya chupa. Nilikaa safu ya nyuma. Waziri alipofika kwenye jedwali letu, akaweka kidole juu ya karatasi, akasoma kwa sauti yake nzuri:

"Makosa katika kituo hiki yamepungua kwa sababu dawati limefungwa."

Akaweka nukta. Sentensi ya pili ilikuwa imeshazikwa kiambatishoni, na neno langu, pamoja na "lililokuwa likiyapokea", yameondolewa kwenye ile ya kwanza ili ienee mstari mmoja. Ukumbi ukapiga makofi. Waziri akainua macho kutoka kwenye karatasi, na kwa kuwa makofi humtia mtu yeyote ukarimu, akaongeza la kwake. Alisema hatua hii imezaa matunda, hivyo anaagiza vituo vyote vilivyobaki na madawati ya namna hiyo viige mfano huo mara moja. Kisha mkuu wa kituo cha mpwa wangu akaitwa mbele kupokea kombe. Alilipokea kwa mikono miwili, jamaa wa watu, haelewi hata alilofanya.

Nikasimama. Nikasema, "Si hivyo! Mheshimiwa, si hivyo hata kidogo." Lakini kipaza sauti kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, na sauti yangu si ya ukumbini. Waliokuwa karibu walidhani nataka kwenda msalani, wakakunja miguu wanipishe. Nikapita. Ningefanya nini?

Mkurugenzi alinifuata nje, kwenye magari. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mzee, haki ya Mungu sikujua atasema vile."

"Ulikata wewe."

"Nilikata kama ninavyokata siku zote."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonimaliza. Hakukuwa na njama wala hila. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake ya kila mwaka, nami nikiwemo, na mwisho wake madawati ya nchi nzima yalikuwa yanafungwa kwa sentensi niliyoiandika mimi. Nikamwambia, "Nenda ndani, wanakungoja kwenye picha."

Jumamosi nilikwenda kwa dada. Mpwa wangu bado anaishi kwa mama yake. Nilikwenda kumwambia kwa mdomo wangu, asije akaisoma amri ya Waziri kwenye ubao wa kituo, lakini alikuwa ameshaisoma. Alinipokea mlangoni, tukasalimiana, wala hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Pita, Mjomba," alisema. "Ila pana watu kidogo."

Barazani palikuwa pamejaa ndala. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba tangu chumba kile kirudishiwe matairi, wanawake walikuwa wakiulizia nyumbani kwa Sajenti. Kusikia si kuona. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kwenye mkeka, mmoja ameegemea nguzo na mtandio ameushusha mpaka kwenye nyusi. Mwingine alikuwa ameufunga mkono wake kwa kitenge shingoni. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanangoja zamu, kimya, kama watu waliokwishazoea foleni. Dada yangu alizunguka na chupa ya chai akiwamiminia.

Yule mwenye mtandio akanitazama, akamgeukia mpwa wangu. "Huyu baba ni nani?"

"Ni mjomba wangu. Msiogope. Kazi yake ni kusoma takwimu za uhalifu, za nchi nzima."

Mwanamke akafikiri. "Na sisi tumo?"

Nimeulizwa maswali na mawaziri, maprofesa na wageni wenye suti. Hakuna lililowahi kunipata pabaya hivyo.

"Hapana, mama," nilisema. "Hammo."

"Kwa nini?"

Nikaanza kumweleza. Nikasikia mdomo wangu unasema yaliyoripotiwa, unasema jalada, unasema utaratibu, na kila neno lilivyotoka nililionea aibu. Nikakatiza katikati. Mwanamke aliinamisha kichwa kwa heshima, akanywa chai yake. Hakuwa amenikasirikia. Alikuwa amejibiwa hivyo mahali pengine pia.

Dada yangu akaiweka chupa ya chai sakafuni.

"Basi tuhesabu hapa, mdogo wangu," alisema.

"Dada, hata kalamu sina. Na nikiwahesabu, nitampelekea nani?"

"Kwani nimekuuliza kalamu? Siku ile kwenye kaunta kalamu zilikuwa tele, na karatasi tele."

Mpwa wangu akainua kichwa. Miaka yote ile, si yeye wala mimi aliyewahi kumsikia mama yake akiitaja siku ile. Dada aliivuta ncha ya benchi, wanawake wakamsogelea kumpa nafasi, akakaa katikati yao, akaiweka mikono yake mapajani na kunitazama usoni.

"Anza na mimi," alisema.